Fimbo ya mikono miwili kwenye uvuvi wa nzi: nianze, au nibaki na ya mkono mmoja?

#1 – Mleta mada

Wakuu, salamu. Naomba mnisaidie kuamua jambo ambalo halijanitoka kichwani tangu msimu uliopita uishe.

Huu ni mwaka wangu wa tisa kuvua kwa nzi, yaani chambo bandia kinachofungwa kwenye ndoana kifanane na mdudu au samaki mdogo, na muda wote nimetumia fimbo ya mkono mmoja: ya futi 9 namba 8 kwa samaki wakubwa, na namba 5 kwa trauti (namba ni uzito wa mshipi ambao fimbo imetengenezewa). Mrusho wa juu ya kichwa naumudu. Kuvuta mshipi kwa mkono wa kushoto, mara moja ukienda nyuma na mara moja ukienda mbele, nako sina shida nako. Shida yangu ni sehemu moja ya mto, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni kipande cha kama mita 200, maji yanakwenda mwendo wa mtu anayetembea, upana mita 45 hivi, na samaki wanaopanda kutoka baharini hupumzika kupita katikati kidogo, ng'ambo. Nyuma yangu kuna ukingo mwinuko wenye miti iliyoinama hadi majini. Hata nikiingia maji ya kiuno, mshipi hauna zaidi ya mita 3 za kwenda nyuma. Msimu uliopita mti mmoja ulinila nzi kumi na moja kwa siku moja.

Siku hiyohiyo alikuja mzee mmoja, akasimama chini yangu kidogo na fimbo ndefu mno. Nikaacha kuvua nikamtazama. Anaunyanyua mshipi taratibu, anauzungusha kando yake, ncha yake inagusa maji kwa sauti ndogo kama ya karatasi inayochanwa, halafu mshipi wote unaondoka kwenda ng'ambo. Hakuna kilichopita nyuma ya mgongo wake zaidi ya mita 2 au 3. Mrusho mmoja, hatua mbili, mrusho mmoja. Mimi kwa kila mrusho wake nilikuwa napunga hewani mara nne au tano.

Ninachosita ni hiki. Bega langu la kulia limeanza kuuma, sijui fimbo ndefu italisaidia au italimaliza. Pili, nimeambiwa ni kama kuanza kujifunza upya. Tatu, vijito vidogo bado navipenda, sitaki kununua kitu kikakaa ukutani miezi kumi. Waliopita njia hii naomba mniambie ukweli.

#2

Mkuu, jibu umeshaliandika mwenyewe, lipo kwenye ile miti.

Wengi wanaouliza swali hili huanza na umbali. Wameona video za mashindano ya Spey-O-Rama kule San Francisco, watu wanarusha zaidi ya mita 50, basi wanataka na wao. Hao huwa nawaambia wasubiri. Wewe umeanza na kilicho nyuma yako, na huko ndiko mrusho huu ulikozaliwa. Mto Spey wa Uskoti una kingo za miinuko na miti, maji mapana yenye nguvu, na samoni wa Atlantiki. Wavuvi wa huko katika karne ya 19 walikuwa na fimbo za mbao za futi 18 hadi 20, na nafasi ya nyuma hawakuwa nayo. Wakalazimika kutafuta namna ya kuikunja fimbo bila kuupeleka mshipi nyuma. Jina la mto likawa jina la mrusho.

Sasa ile sauti ya karatasi uliyoisikia ndiyo kiini cha jambo lote, nikae hapo kidogo.

Kwenye mrusho wa juu ya kichwa, kinachoikunja fimbo ni uzito wa mshipi ulionyooka hewani nyuma yako. Kwenye Spey mshipi haunyooki nyuma. Unatengeneza kitanzi chenye umbo la herufi D: fimbo ni ule mstari ulionyooka, mshipi ni lile tumbo. Mguu wa kitanzi, yaani ncha ya mshipi pamoja na nzi, umeshikwa na maji kando yako. Tunaiita nanga. Ukisukuma fimbo mbele, maji yanaishikilia ile nanga kwa sekunde moja, fimbo inakunjika, kisha nanga inachomoka na kila kitu kinaruka. Nanga ikiwa ndefu mno, nguvu yako inaishia kung'oa mshipi majini. Ikiwa fupi mno, inachomoka kabla ya wakati na nzi anapita sikioni. Ikiwa mahali pake, utasikia sauti uliyoisikia siku ile.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mikono inajifunza haraka, nanga ndiyo inayochelewa. Mtu anapoteza msimu mzima akiongeza nguvu kwenye mrusho wa mbele, kumbe kosa lilishafanyika sekunde mbili nyuma, nanga ilipotua mahali pabaya.

Kosa la pili wanalifanya hasa watu kama wewe, waliozoea mkono mmoja. Mkono wa juu umefundishwa miaka tisa kusukuma, basi utasukuma. Kwenye fimbo hii mkono wa chini ndio injini. Unavuta kitako cha fimbo kuja tumboni, wa juu unabaki kama bawaba ya mlango. Mwalimu wangu alinifunga leso kwenye kiganja cha juu ili nishike kwa vidole viwili na gumba tu. Kwa siku mbili mshipi ulianguka miguuni pangu. Siku ya tatu asubuhi nilivuta mkono wa chini bila kufikiri, na mshipi ukaondoka wenyewe ukaivuta hadi rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi. Hisia ile bado ninayo mkononi.

Kuhusu bega: mimi si daktari, muone wa kwako. Kwangu mimi mkono wa juu haupandi juu ya jicho, viwiko vinakaa karibu na mbavu, kazi inafanywa na kiuno na mkono wa chini. Nilikuja huku kwa sababu ya bega na sijarudi. Ila ukisukuma kwa mkono wa juu, fimbo ya futi 13 italiumiza zaidi ya ile uliyonayo.

#3

#2 umemaliza. Naongeza neno moja: usijifunzie kwenye nyasi. Mrusho wa juu ya kichwa unafundishika uwanjani, huu hapana. Nyasi hazishiki mshipi kama maji, utajifunza wakati usio wake halafu ukifika mtoni unaanza upya. Tafuta maji ya magotini, yanayotembea, hata yasiyo na samaki.

#4

Mimi niliianza na nikaiacha, nadhani sauti ya aina yangu nayo isikike.

Mto ninaovua una upana wa mita 15 hadi 20. Sehemu kubwa natumia nzi wa kuzama, wale wa umbo la viluwiluwi vya wadudu, nawaacha waburuzwe na maji bila kuvutwa popote, macho yangu kwenye mshipi. Uvuvi huo unataka fimbo nyepesi, mrusho mfupi, na mkono uliopo karibu na mshipi kila wakati. Nilipokwenda na fimbo ya futi 13 nilikuwa na mshipi mzito unaotua karibu na samaki kwa kishindo, na kila nilipotaka kuuinua usiburuzwe na maji ya kasi ya katikati nilikuwa nainua mtambo. Nikavua misimu miwili nikijilazimisha kwa sababu nilikuwa nimeshanunua.

Fimbo hii ina uvuvi wake. Ni uvuvi wa bembea: unarusha kukata mto kwa mshazari kuelekea chini, mshipi unakaza, nzi anakata mkondo kwa upinde kutoka ng'ambo hadi anasimama moja kwa moja chini yako. Unamwacha aning'inie kidogo, unapiga hatua, unarudia. Kama uvuvi huo haukupi raha, fimbo haitaileta. Kama unakupa raha, usinisikilize mimi.

Mleta mada, hujasema unavuaje pale penye miti. Ni bembea?

#5 – Mleta mada

Ndiyo mkuu, ni bembea tupu. Na ile sekunde mshipi unapokaza mkononi kabla hujajua ni samaki au jiwe ndiyo inayonirudisha pale kila mwaka.

#2, asante sana, nimesoma mara tatu. Swali: kuna njia ya kujipima kabla ya kununua chochote? Na hizi habari za mishipi ya Skagit na Skandi zinanichanganya. Kila ninayemuuliza anatetea upande wake.

#6

La kwanza: fimbo uliyonayo inatosha kukupima. Chukua ile ya futi 9, nenda mahali pako, na ufanye mrusho wa kuviringisha tu kwa siku mbili nzima: unauburuza mshipi juu ya maji hadi kando yako, kisha unausukuma mbele bila kuupeleka nyuma. Halafu ongeza Spey ya mara moja kwa mkono huohuo mmoja: inua mshipi uliolala chini yako, uzungushe utue upande wa juu wa mto kando yako, kisha urushe ng'ambo. Nanga, kitanzi cha D, kugeuza mwelekeo, vyote vimo humo, na fimbo ndefu itavikuza tu. Hata usiponunua chochote, utakuwa umepata mrusho wa kukutoa kwenye miti maisha yako yote. Nashangaa kwa nini hatufundishwi huu kabla ya ule wa juu ya kichwa.

Zingatia neno kugeuza mwelekeo. Mwisho wa bembea mshipi umelala chini yako, na samaki yuko ng'ambo. Kwa mrusho wa juu ya kichwa unahitaji kupunga mara kadhaa kuusogeza. Spey inaugeuza kwa tendo moja, na muda mwingi zaidi nzi anakuwa majini. Ndiyo maana yule mzee alikuwa anarusha mara moja wewe ukipunga tano.

Sasa mishipi. Usichague upande, chagua maji.

Skagit imepewa jina la mto wa jimbo la Washington, Marekani. Majira ya baridi, maji ni baridi na mazito, na stilihedi, yule trauti wa upinde wa mvua anayeshuka baharini na kurudi, hapandi juu kumfuata nzi. Inabidi umpelekee nzi mkubwa hadi chini alipo. Wavuvi wa kule, Ed Ward akiwa mmoja wa wanaotajwa zaidi, walifupisha mshipi na kuuongeza uzito ili uweze kuinua ncha inayozama na nzi mzito. Kichwa chake, yaani sehemu nzito ya mbele ya mshipi, ni mita 6 hadi 7 hivi, mbele yake unafunga ncha ya kuzama ya mita 3 hadi 4.5. Nanga yake inakaa majini muda mrefu, hivyo unapata wakati wa kupanga miguu na mikono. Kwa mwanafunzi huo ni muda wa thamani sana.

Skandi imetoka Skandinavia. Göran Andersson wa Uswidi ndiye anayehusishwa zaidi na mrusho wake wa mkono wa chini. Kichwa ni kirefu na chembamba zaidi, mara nyingi mita 9 hadi 12, nanga inagusa maji na kuondoka papo hapo. Kinatua kwa upole, kinafaa nzi wadogo na maji ya juu, ila kinakuadhibu ukikosea wakati.

Kuna na ile ya asili, yenye kichwa cha mita 18 na kuendelea. Ni nzuri kuitazama kuliko zote, lakini si ya kuanzia.

Kitu kimoja kinawaponza wengi nacho ni namba. Namba 8 ya mkono mmoja si namba 8 ya mikono miwili. Mshipi wa namba 8 wa fimbo yako hupimwa kwa futi 30 za mwanzo, na uzito wake ni gramu 13.6. Kichwa cha Skagit cha fimbo ya mikono miwili namba 8 ni gramu 35 au zaidi. Ukifunga mshipi wa fimbo yako ya sasa kwenye fimbo hiyo haitakunjika hata kidogo, utaona fimbo ni mbovu. Soma gramu, usisome namba.

Kwa mita 45 za upana zenye samaki kupita katikati kidogo, wewe unahitaji mita 25 hadi 30 za mrusho, ukishaingia majini. Fimbo ya futi 12 na nusu au 13, namba 7, inazifikia bila mtu kutoa jasho. Futi 15 ni ya mto mwingine.

#7

Jamani hakuna aliyetaja upepo, nami nimeshawahi kuchomolewa ndoana shavuni. Hili mtu alijue kabla hajagusa fimbo.

Nanga ikae upande ule upepo unakokwenda, siku zote. Upepo ukivuma kushuka na mto, nanga iwe upande wa chini: tumia Spey ya mara mbili au ule mzunguko wa nyoka. Upepo ukipanda mto, nanga iwe upande wa juu: Spey ya mara moja, au snapu-T. Ukikosea, upepo unaisukuma nanga ikuingie mwilini, na nzi anafuata njia hiyohiyo kwa kasi ambayo huwezi kumkwepa. Mimi nilijua mrusho mmoja tu, upepo ukageuka, nikasema nimalizie kipande kilichobaki. Ndoana iliingia chini ya jicho kwa upana wa kidole.

Kwa hiyo "kujua Spey" maana yake ni mirusho miwili angalau, mmoja wa kila upande, na uweze kuifanya mkono wa kushoto ukiwa juu pia. Vaa miwani na kofia. Bonyeza chini ule mwiba wa ndoana.

Halafu viungo vya fimbo. Spey inaipindapinda fimbo, vipande vinalegea bila wewe kujua na kiungo kinapasuka. Zungushia tepu nyeusi ya umeme kwenye kila kiungo kabla hujaingia majini, mizunguko miwili inatosha.

#8 – Mleta mada

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano na nina cha kusema.

Nilifanya alichosema #6. Siku mbili za kuviringisha zikawa sita. Siku ya nne nilielewa habari ya nanga. Nilikuwa naiona inatua mbele yangu, kwenye mstari wa mrusho wenyewe, na kila mara mshipi unajikunja juu yake. Nikasogeza mguu wa kulia nyuma, nikageuza kiuno nikitazama ninakotaka kurusha, nanga ikatua kando kwa urefu wa fimbo moja. Nikaisikia ile karatasi ikichanika. Kwa fimbo ya futi 9 nilipata mita 15, miti iko nyuma yangu, na sikupoteza nzi hata mmoja siku hiyo.

Mita 15 hazifiki kwa samaki, lakini nilikuwa nimeshajua ninachokitaka.

Jumamosi iliyopita nikamkuta yule mzee. Nikamweleza, akanipa fimbo yake ya futi 13 yenye kichwa cha Skagit, akasimama nyuma yangu akinishika kiwiko cha juu ili kisipande. Dakika arobaini za kwanza sina cha kuripoti. #2, kila ulichosema kuhusu mkono wa juu ni kweli, ulikuwa unasukuma wenyewe. Akaniambia nihesabu kwa sauti kila mrusho: inua, weka, zungusha, vuta. Kwenye "vuta" nilete ngumi ya chini kwenye kitovu. Akanifundisha pia kushika ule mshipi mwembamba wa nyuma kwa vitanzi vitatu vidoleni, cha kwanza kirefu, cha pili kifupi zaidi, cha tatu kifupi kuliko vyote, ili visisokotane vinapotoka. Jambo dogo, ila bila hilo nilikuwa nafunga fundo kila mrusho wa pili.

Kuelekea jioni vitanzi vyote vitatu viliondoka. Nzi alitua ng'ambo ya katikati. Nikapanga mshipi, akaanza kubembea, ukakaza, hakuna samaki. Nikapiga hatua mbili. Nilifanya hivyo mpaka giza, bega halikuuma. Kilichouma ni ubavu wa kushoto, mzee akasema ndipo panapotakiwa kuuma mwanzoni.

#4, nimekusikiliza pia. Namba 5 yangu inabaki kwa vijito na siipeleki popote. Fimbo ndefu nitaichukua kwa kipande hiki kimoja na kwa miezi ile samaki wanapopanda. Ni sehemu ndogo ya mwaka, lakini ndiyo ninayoiota mwaka mzima, kwa hiyo nachukua.

Nimepata fimbo ya futi 12 na nusu namba 7 kwa mtu anayeiuza baada ya msimu mmoja. Kichwa nafikiria Skagit gramu 33. #6, ncha unaniambia nini? Maji pale ni ya kina cha kifua hadi futi 7, kasi ya kutembea.

#9 – Aliyeandika #6

Gramu 33 ziko sawa kwa fimbo nyingi za namba 7, ila tazama uzito ulioandikwa juu ya kishikio cha hiyo fimbo kabla hujalipa kichwa. Ncha chukua mita 3, inayozama kwa kasi ya wastani. Ile nzito kabisa usiinunue bado, kwa maji hayo itakwama kwenye mawe kila bembea, na kuinyanyua kunataka nanga nzuri kuliko uliyonayo leo. Ukitaka nzi ashuke zaidi, rusha kwa pembe iliyonyooka zaidi kwenda ng'ambo na umpe hatua mbili za kushuka kabla mshipi haujakaza.

Mwambie na mzee akufundishe Spey ya mara mbili kabla hamjaachana. Pale kwako upepo wa jioni unashuka au unapanda?

#10 – Mleta mada

Unashuka.

#11 – Aliyeandika #7

Basi usiingie majini jioni mpaka uijue hiyo ya mara mbili.